Nalipwa kwa Herufi

Mia tano kila herufi, rangi yangu, brashi yangu:
ndivyo tulivyopatana na Injinia Rwegoshora
katika jengo jipya la Mtumba, ghorofa ya pili,
nyaya za umeme zingali zimetoa ulimi ukutani.
Karatasi aliyonipa ina Kizungu upande wa kushoto,
kulia patupu. "Jaza Kiswahili, fundi."
Masjala. Mhasibu. Stoo. Maliwato.
Nikafika mstari wa tisa, brashi ikanikaukia mkononi.

"Korido," akasema, "nani asiyeijua?"
Herufi sita. Elfu tatu.

Lakini redioni nimewasikia wakiwataja tembo
wanaotoka Ruaha kufuata maji,
na njia yao, ambayo watu wameilima alizeti,
wakaiita ushoroba.
Herufi nane! Elfu nne!
Nikakohoa kama msomi: "Injinia, fasaha ni hili."
Akacheka mpaka kofia ikamwanguka.
"Ndahani, hapa watapita makarani.
Tembo wako na mafaili wapi na wapi?"

Bi Mwanakombo wa masjala, mtu wa Pangani,
akachomoza kichwa: "Kwetu sisi huo ni ujia."
Herufi nne. Nikajifanya nimepaliwa na vumbi.
Kijana wa umeme, juu ya ngazi: "Kichochoro!"
Kumi kamili, nikazihesabu kwa vidole,
ila hata njaa ina mipaka yake:
kichochoro hakina paa,
kichochoro kina maji ya dobi na watu wanaoagana.

Kwa bibi yangu, Handali, neno hili halikuwapo
kwa kuwa kitu chenyewe hakikuwapo.
Ndani ya tembe chumba kilifungukia chumba;
ili ukafike kwenye kilindo cha uwele
uliruka miguu ya mjomba, ukaomba radhi kwa mbuzi,
na ukichelewa kurudi usiku
nyumba nzima ilijua, na ilikohoa.
Aliyebuni korido, nadhani, alichoka kukoholewa.
Alitaka kupita kwa watu bila kupita kwa watu.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli.
Kiinua mgongo chake alikifuata miaka kumi na mmoja,
kwanza Dar, kwa nauli ya mbuzi wawili kila safari,
kisha serikali ikahamia huku
naye akanyoa ndevu kwa furaha:
"Sasa korido imenifuata nyumbani."
Ndani mlango umefungwa, kuna kikao.
Nje mkubwa anapita, anatembea, hasimami,
na neno lako lazima limalizike kabla ya kona.
Wapo waliojua kwenda naye sambamba,
bega kwa bega, wakicheka kidogo,
wakafika konani na sahihi mfukoni.
Baba mguu wake wa kushoto ulibaki chini ya behewa, Saranda.
Kwenye "Shikamoo mheshimiwa, mimi ni yule wa..."
mkubwa alikwisha kukunja.

Hiyo ndiyo maana niijuayo.
Haiingii kwenye karatasi ya Injinia.

Sechelela anapiga deki, maji mekundu kwa udongo wetu.
"Wewe unapaitaje hapa?" nikamuuliza.
"Kolido," akasema. Kisha akakamua tambara.
"Ni pahala nasafisha kila siku
na sijawahi kuambiwa karibu."

Saa kumi Injinia akarudi na kalamu nyekundu,
akaupiga mkasi mstari wa tisa.
"Acha. Hakuna mtu anayetafuta korido.
Watu hutafuta milango."
Basi elfu tatu hiyo, na nne, na tano,
upepo wa Dodoma ukazibeba kupitia dirisha lisilo na kioo.

Rangi ilikuwa imebaki kwenye kifuniko cha kopo.
Nilipiga magoti, mahali benchi lingekaa
kama wangekumbuka kununua benchi,
nikaandika KAA.
Vumbi likaganda juu yake kabla haijakauka.
Herufi tatu. Sikudai.